Samoni katika nchi ya ngano: Safari ya bonde la Tucannon

MKENYA anayefuatilia riadha akitajiwa mji wa Pullman, jimbo la Washington nchini Marekani, jina linalomjia kwanza ni la Henry Rono. Kijana huyo wa Nandi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini humo mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81 pekee: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mbio za kuruka viunzi na maji. Mwaka mmoja kabla yake, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa ameivunja rekodi ya mita 10,000. Rono alituaga mwaka 2024, lakini vilima alivyokuwa akivipanda na kuvishuka akifanya mazoezi vingali pale.

Ni vilima hivyo nilivyokwenda kuviona mwezi wa Septemba. Nilidhani nitarudi na habari za mbio. Badala yake, mpenzi msomaji, nimerudi na habari za udongo na samaki, na swali moja ambalo nimeshindwa kulitua: je, mtu anayelima juu ya kilima ana deni gani kwa kiumbe anayeishi mtoni?

Vilima mfano wa mawimbi

Mwenyeji wangu alikuwa kijana Mkenya anayesomea kilimo huko. Siku ya kwanza alinichukua kwa gari hadi kilele cha Steptoe Butte, mlima wa mawe uliosimama peke yake katikati ya mashamba, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

"Dada, nchi hii huwezi kuielewa ukiwa chini," aliniambia. "Panda kwanza, ndipo uulize maswali."

Alisema kweli. Kutoka kileleni nchi nzima ilionekana kama bahari iliyochafuka kisha ikaganda. Vilima vilifuatana bila mwisho, vimeviringana, kila kimoja kikiwa na tumbo na mgongo. Mavuno yalikuwa yamekwisha na mabua ya ngano yalikuwa yakimetameta kama dhahabu. Eneo hili huitwa Palouse, na ngano yake ni mashuhuri kote Marekani. Hulimwa pia kamande, hizi hizi tunazopika na kula na chapati, na kila mwaka mji wa Pullman hufanya sherehe nzima kwa heshima ya kamande.

Vilima hivyo havikutokana na mawe. Ni vumbi. Kwa maelfu na maelfu ya miaka upepo ulikuwa ukibeba vumbi laini na kulirundika hapo, rundo juu ya rundo, mpaka likawa udongo wenye kina kirefu na rutuba ya ajabu. Lakini kilicholetwa na upepo ni chepesi kuondolewa na maji.

Mimi ni mzaliwa wa Kangundo, na mtoto wa Ukambani akiona mteremko, macho yake hutafuta matuta ya fanya juu hata kabla hajajua anatafuta nini. Nilitazama huku na huku. Miteremko mingine ilikuwa mikali kushinda shamba letu la nyumbani, lakini sikuona hata tuta moja. Shamba lilianza bondeni likapanda hadi kileleni na kuteremka upande wa pili, kipande kimoja tu.

"Matuta yako wapi?" niliuliza.

Kijana akacheka, kisha akanionyesha kombaini moja iliyoegeshwa kando ya barabara, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Mashine kama hiyo haiwezi kuzungukazunguka katikati ya matuta. Wakulima wa huku hufyeka maekari mengi kwa siku, na shamba limekatwa kulingana na mashine, si kulingana na kilima.

Hasara iliyokwenda na maji

Kilimo kikubwa kilianza Palouse mnamo miaka ya 1880, wakati huo kwa farasi. Matrekta yalipofuata, ardhi iligeuzwa kwa plau mara nyingi zaidi. Ubaya ni kwamba mvua nyingi ya huko hunyesha majira ya baridi, wakati ngano iliyopandwa Septemba au Oktoba ingali midogo kama nywele za mtoto mchanga na udongo uko wazi.

Isitoshe, kuna barafu. Ardhi huganda ikawa ngumu kama saruji. Siku ya joto kidogo, sentimita chache za juu huyeyuka na kuwa tope huku chini kukiwa kungali kumeganda. Mvua ikinyesha wakati huo haina mahali pa kuzama. Huteremka na tope lote hadi kijitoni.

Mwaka 1978, mwaka ule ule Rono alipokuwa akivunja rekodi, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ripoti juu ya hali hiyo. Ilikadiria kwamba katika asilimia 10 ya mashamba ya Palouse, udongo wote wa juu ulikuwa umekwisha kwenda. Katika asilimia nyingine 60, kati ya robo na robo tatu ya udongo huo ilikuwa imepotea. Haya yote katika muda usiozidi miaka mia moja. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao ni vivyo hivyo.

Udongo huo ulikwenda wapi? Sehemu yake ilipitia mto Palouse, ambao kabla ya kuingia mto Snake huanguka kutoka jabali la kiasi cha mita 60. Nilisimama juu ya maporomoko hayo nikasikia mngurumo wake tumboni. Ni watoto wa shule ya kijiji jirani cha Washtucna waliowashawishi wabunge kuyafanya kuwa maporomoko rasmi ya jimbo la Washington, na sheria hiyo ikapita mwaka 2014. Wanafunzi wanaosoma gazeti hili watambue kwamba umri si kizuizi.

Samaki hawezi kuupanda ukuta huo. Kwa hivyo juu ya maporomoko hayo hakuna samoni. Ili kumwona, ilitubidi tuvuke mto Snake na kwenda kwa jirani yake.

Safari ya kilomita 600 bila kula

Tulitoka Pullman alfajiri, tukapita mashamba ya ngano, tukavuka Snake kwenye daraja la Central Ferry, na baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi tukafika bonde la mto Tucannon. Mto huu wenye urefu wa takriban kilomita 100 huanzia katika milima ya Blue, yenye misitu na theluji, halafu hupita katikati ya mashamba hadi Snake. Si mpana. Sehemu nyingi mtu mzima angeweza kuuvuka maji yakimfika magotini.

Hata hivyo, katika mto huo mwembamba huja samaki ambaye amesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari ya Pasifiki.

Samoni aina ya Chinook huzaliwa katika maji baridi ya milimani. Hukaa mtoni karibu mwaka mmoja, kisha huteremka baharini, na huko hunenepa kwa miaka kadhaa. Siku ikifika hurudi kuzaa katika mto ule ule alikozaliwa, akiutambua, wanasayansi wasema, kwa harufu ya maji yake. Akishaingia mtoni hali tena. Anatumia mafuta ya mwili wake mwenyewe, kama mwanariadha wa marathoni asiye na kituo cha maji njiani. Jike huchimba shimo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga mayai elfu kadhaa, huyafunika, halafu hufa. Mizoga yao huwa chakula cha ndege, wanyama na hata miti ya kando ya mto.

Njiani ana vizuizi vikubwa. Kutoka baharini hadi Tucannon kuna mabwawa sita ya umeme: Bonneville, The Dalles, John Day na McNary katika mto Columbia, kisha Ice Harbor na Lower Monumental katika mto Snake. La kwanza lilikamilika miaka ya 1930 na la mwisho miaka ya 1970. Yamejengewa ngazi za maji ili samaki wakubwa wapande, lakini watoto wao wanaoteremka hupata taabu nyingi. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliwaorodhesha Chinook wa mto Snake miongoni mwa viumbe walio hatarini, na hadi leo hawajatoka katika orodha hiyo.

Mabwawa hayo yamezua ubishi mkali usiokwisha, na mkulima wa Tucannon hana uwezo nayo. Kilicho mikononi mwake ni hali ya nyumba ambayo samaki ataikuta akifika.

Kitanda cha changarawe

Yai la samoni hukaa chini ya changarawe majira yote ya baridi. Linapumua. Maji safi hupita katikati ya vijiwe yakilipelekea hewa. Sasa fikiria tope kutoka shambani likijaza nafasi hizo zote kama saruji katikati ya matofali. Yai hukosa hewa likafa, na hata likianguliwa, kifaranga hushindwa kupenya kutoka nje. Mkulima aliyelima kilima mwezi wa Oktoba anaweza kumuua samaki mwezi wa Januari bila kumwona wala kumgusa.

Tatizo la pili ni jua. Samoni hupenda maji yasiyozidi nyuzi 18 hivi za joto, na yakipita nyuzi 20 hali yake huwa mbaya. Miti ya ukingoni ndiyo mwavuli wake. Lakini ardhi tambarare ya kando ya mto ndiyo tamu kwa kilimo na malisho, na kwa miongo mingi miti hiyo ilikatwa.

La tatu ni binadamu kutaka mto uwe mfereji. Baada ya mafuriko makubwa ya majira ya baridi ya 1964 na 1965, sehemu za Tucannon zilinyooshwa na kujengewa kuta za udongo na mawe pembeni ili maji yapite haraka. Magogo yaliyoanguka mtoni yaliondolewa kwa kudhaniwa kuwa uchafu. Mto uliokuwa ukipindapinda na kupumzika katika madimbwi ukawa kama barabara kuu. Maji hukimbia, hukwangua changarawe, na samaki mchanga hana pa kujificha.

Mkulima, mashine na utepe wa miti

Tulipokewa na mkulima mmoja mzee ambaye jamaa yake imelima bonde hilo kwa vizazi vitatu. Alitupeleka kwanza juu ya kilima, si mtoni. Alitueleza kwamba mtu akitaka kumwona samaki ni lazima aanzie pale juu, kwani mto huanzia pale tone la mvua linapogusa shamba.

Akatuonyesha mashine yake ya kupandia. Haina plau. Ina visahani vya chuma vinavyopasua ufa mwembamba kati ya mabua, vinadondosha mbegu na mbolea, na kuufunika. Udongo haupinduliwi. Mabua ya mwaka jana hubaki yamesimama, yakilipunguza nguvu tone la mvua na kulilazimisha lizame. Niliingiza mkono chini ya mabua hayo. Udongo ulikuwa na unyevu, na mnyoo mmoja ukanikimbia.

Njia hiyo haikosi lawama. Mashine ni ghali mno, na magugu ambayo plau ingeyazika huuawa kwa dawa, jambo ambalo nalo lina wakosoaji wake. Mzee hakuficha. Alituambia kwamba miaka ya kwanza majirani walikuwa wakisimamisha magari barabarani kulitazama shamba lake la mabua na kutikisa vichwa, maana kwa mkulima wa ngano shamba lisilopinduliwa lilikuwa ishara ya uvivu. Baba yake mwenyewe, alisema, asingelipenda.

Ndipo tukateremka mtoni. Kati ya shamba na maji palikuwa na utepe wa msitu mchanga, miti ikiwa imenishinda kimo mara tatu, na uzio wa kuzuia ng'ombe. Kuanzia mwaka 1998 kumekuwa na mpango katika jimbo hilo ambapo serikali humlipa mkulima kodi kwa ardhi ya ukingoni anayoiacha, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, na kumsaidia kupanda miti ya kienyeji. Si zawadi kubwa ya kumtajirisha mtu. Lakini inamwondolea mkulima uchungu wa kuitazama ardhi yake bora kabisa ikimea vichaka.

Mtoni kwenyewe palikuwa na jambo lililonishangaza. Magogo makubwa, mengine na mizizi yake, yalikuwa yamelazwa ndani ya maji makusudi. Magogo yale yale yaliyoondolewa na wazee sasa yanarudishwa kwa gharama na wajukuu! Mahali pengine kuta za pembeni zimebomolewa ili mto ufurike kidogo unapotaka. Gogo hupunguza kasi ya maji, huchimba dimbwi nyuma yake, hukusanya changarawe na kumpa samaki kivuli. Katika kijito jirani cha Asotin, watafiti wameweka mamia ya magogo ya namna hiyo tangu mwaka 2012, na wameona samaki wachanga wakiongezeka katika sehemu hizo kuliko zile zilizoachwa bila kitu.

Kazi hiyo haifanywi na wakulima na serikali pekee. Watu wa makabila ya asili, Nez Perce na wale wa Umatilla, wamo mstari wa mbele. Mwaka 1855 babu zao walitia sahihi mikataba iliyochukua sehemu kubwa ya ardhi yao, lakini walisisitiza wabakishiwe haki ya kuvua samaki katika mahali walipozoea. Haki ya kuvua katika mto usio na samaki ni maneno matupu. Ndiyo sababu leo wataalamu wao wanapanda miti na kulaza magogo katika mashamba ya wajukuu wa walowezi.

Tulikaa ukingoni karibu saa mbili bila kuona kitu. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa kijana aliponigusa bega. Pale mbele, mahali ambapo changarawe ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, palikuwa na jike mmoja, urefu wa mkono wangu mzima. Mkia wake ulikuwa umechubuka ukawa mweupe kwa kuchimba. Alijilaza ubavu, akapiga mkia mara nne au tano, vumbi jepesi likapanda na kuondoka na maji, kisha akatulia.

Mzee alivua kofia yake. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba bado ni wachache mno, na kwamba miaka mingine hupita pale siku nzima asione hata mmoja. Licha ya miti, magogo, na vituo vya serikali vinavyozalisha vifaranga, hakuna anayeweza kuapa kwamba samoni wa Tucannon atapona. Bahari ina mambo yake na mabwawa yana mambo yake. Lakini udongo umebaki kilimani, na hilo, alisema, limemlipa hata kama samaki hatarudi.

Ndugu zao wako Nyeri

Huenda msomaji akasema samoni ni habari ya Wamarekani. Hebu nimwambie jambo. Katika Tucannon kuna samaki mwingine aitwaye stilihedi, ambaye pia huenda baharini na kurudi. Huyo ni trauti wa upinde wa mvua, yule yule aliyeletwa Kenya na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita na ambaye hufugwa Kiganjo, Nyeri. Ukiwahi kumwona trauti katika maji baridi ya Mlima Kenya, umemwona binamu wa samoni. Naye pia hutaka maji baridi, safi, yenye kivuli.

Na hata pasipo samaki, udongo wetu hautupi nafasi ya kujificha. Kijito kinachopita nyuma ya boma la wazazi wangu Kangundo humwaga maji katika mto Athi. Athi ukifika pwani huitwa Sabaki, na aliyewahi kwenda Malindi wakati wa mvua ameiona bahari ikigeuka rangi ya chai ya maziwa. Matuta ya babu zetu yamezuia mengi, na Machakos imesifiwa duniani kwa hilo. Lakini chini ya tuta la mwisho, kaka yangu amelima sukuma wiki hadi ukingo wa maji, na kila Aprili mita moja ya shamba huondoka.

Niliporudi nilimsimulia yote: mzee, mashine, utepe wa miti, samaki mwenye mkia mweupe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa dada," akasema, "huko serikali inamlipa. Hapa ni nani atanilipia hizo laini nne za sukuma? Samaki?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri kwamba swali lake ni la haki. Karo hulipwa kwa hizo sukuma. Tuliteremka pamoja hadi kijitoni tukatazama. Ufa uliotokana na mvua iliyopita ulikuwa umekula laini moja tayari, na wa pili ulikuwa umeanza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapo ukuta wenyewe hauna wa kuujenga.

Hatimaye ni yeye aliyetoa shauri. Laini mbili za chini ataziacha, apande nyasi ya nepia, akate kwa ajili ya ng'ombe. Maziwa pia hulipa karo. Miti, akasema, tutazungumza mwaka ujao.

Nimempelekea vipando vya nepia Jumamosi iliyopita. Alikuwa amekwisha kung'oa sukuma.